Darasa Zima, Tumbo Moja

Asubuhi yangu ya kwanza kusimama mbele ya darasa nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka kola ikawa inanikwaruza shingo, nikawaambia watoto wa darasa la tatu, "Kesho kila mmoja aniletee choo."

Watoto wakatazamana. Kisha msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono, uso umejaa wasiwasi wa kweli.

"Daktari," akasema, "chetu kimejengwa na matofali. Tutakibeba aje?"

Mwalimu wao akageukia ubao akajifanya anafuta maandishi, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nami nikapata somo ambalo chuoni sikupewa: kabla hujamwomba mtu kitu, hakikisha wewe na yeye mnakiita kwa jina moja. Kuanzia siku hiyo nikawa nasema mavi, waziwazi, hata mwalimu mkuu akiwepo. Watoto walicheka mpaka wakafuta machozi, na jambo ambalo mtoto amelicheka halisahau.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia kazi hii ya kupima. Mimi ni Mbithe. Nimestaafu, nakaa Mumbuni, nafuga kuku na kupanda sukuma wiki. Lakini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa mpimaji wa maabara, na kazi niliyoipenda kuliko zote ni ile ya kuzunguka shule za msingi nikitafuta minyoo. Watoto waliniita Mama Minyoo. Hata leo nikipita sokoni Machakos, mwanamume mzima mwenye ndevu ataacha kupanga nyanya zake aniite hivyo hivyo mbele ya watu, na mimi nitaitika.

Si kweli kwamba mimi ni daktari, ingawa watoto waliniita hivyo pia. Ukishika hadubini kijijini wewe ni daktari, usipoteze wakati kubishana.

Aliyenilea kazini ni Mzee Mutiso, mpimaji mkongwe, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuongea na hadubini kama mtu anavyoongea na ng'ombe wakati wa kukamua. "Simama hapo mama. Taratibu. Sasa nionyeshe." Shule nyingi hazikuwa na stima, kwa hiyo tulibeba hadubini ya kioo, ile inayokunywa mwanga wa jua. Mutiso alinionya nisielekeze kioo kwenye jua lenyewe. "Omba mwanga kwa wingu jeupe au kwa ukuta uliopakwa chokaa," alisema. "Jua lenyewe litakupofusha, na hutaona kitu."

Alinifundisha kuchukua kipande kisichozidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Ukichukua kikubwa kwa sababu una bidii, utaona giza tu. Alinifundisha kutafuta kwanza mayai ya safura, minyoo midogo inayonyonya damu, kwa sababu yana ganda jembamba na kwenye slaidi nene hupotea upesi. Ukienda kunywa chai ukirudi, utamwandikia mtoto kwamba ni mzima na kumbe anaumwa. Na chai yenyewe, alisema, inywe kabla ya kazi, maana baadaye huenda usiitake.

Yeye aliitaka wakati wowote. Alikuwa akibeba chapati mbili kwenye gazeti, na kabla ya kula alinawa mikono kwa mpango ambao sijauona tena kwa mtu yeyote. Mgongo wa mkono, katikati ya vidole, vidole gumba kimoja kimoja, kucha zikisuguliwa kwenye kiganja, kisha anainua mikono juu ikauke na upepo. Watoto walimzunguka kumtazama kama wanaotazama mwanasarakasi. Ukirudi shule ile baada ya wiki mbili unakuta darasa la kwanza linanawa hivyo hivyo, mikono juu. Hotuba zangu zote za usafi hazikufikia zile chapati mbili.

Sasa niwaambie kuhusu shule moja upande wa Muthetheni. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa wahusika bado wapo na wengine wana watoto pale.

Tulikwenda kupima darasa la nne. Siku hizo tulisema darasa, nyinyi mnasema gredi. Tuligawa vikopo vyenye vifuniko, nikaeleza, tukacheka, nikadhani mambo yamekwisha. Sikujua kwamba baada ya mimi kuondoka, mwalimu wao, kijana mmoja mwenye hamu ya kunisaidia, aliongeza neno lake. Aliwaambia atakayekuja mikono mitupu atasimama juani mpaka saa ya chakula.

Kesho yake vikopo vyote vililetwa, hakuna hata kimoja kilichokosekana. Jambo hilo peke yake lingenitia shaka, kwa maana watoto hawajawahi kuleta vyote. Kuna wanaosahau, wanaoona haya, wanaoleta udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri. Shule nyingine mtoto alipoteza kikopo akaniletea bakuli ya sukari ya mama yake, ile ya wageni, na mama mwenyewe akaja nyuma yake mbio. Lakini hawa walipanga vikopo mezani kimya kimya, wakarudi darasani kwa adabu.

Mutiso aliketi chini ya ukuta mweupe wa ofisi, akaanza. Slaidi ya kwanza aliguna. Ya pili akaguna. Ya tatu akainua kichwa.

"Mbithe, hebu angalia hapa."

Niliona mayai ya safura mengi sana, na mayai ya minyoo ya mchango pia, yale ya mviringo yenye ganda la makunyanzi. Kati yake palikuwa na punje za mchanga, na kipande cha ganda la mbaazi.

"Huyu anaumwa," nikasema.

"Angalia na hii."

Mayai yale yale, mchanga ule ule, ganda la mbaazi. Nikaangalia nyingine, na nyingine. Mutiso akavua miwani akaifuta kwa shati, pole pole.

"Nimefanya kazi hii tangu kabla hujazaliwa," akasema. "Nimeona mapacha. Lakini darasa zima na tumbo moja, hii ni mara yangu ya kwanza."

Tulicheka mpaka mwalimu mkuu, Mwalimu Nduku, akatoka ofisini kuuliza kama tumepatwa na jambo. Tulipomweleza alicheka akashika ukuta. Kisha akaacha, kwa sababu alikuwa mtu mwenye akili, akauliza swali ambalo sisi tulikuwa bado hatujaliuliza.

"Lakini mwenye tumbo lenyewe ni nani?"

Ndipo kicheko kilipotutoka. Mtoto mmoja katika darasa lile alikuwa ananyonywa damu na minyoo kiasi ambacho hata Mutiso hakukitarajia, na mtoto huyo alikuwa amejificha nyuma ya majina ya wenzake wote.

Niliingia darasani. Nikawaambia sina hasira, na mwalimu hana hasira, na hakuna atakayesimama juani. Nikawauliza ni nani aliyewasaidia. Walitazama madawati kama waumini wakati wa maombi. Nyinyi mtakaokwenda shuleni mjue hili: mtoto atakuibia kalamu, atakudanganya usoni, lakini kumsaliti aliyemwokoa hawezi. Niliwapenda kwa hilo hata waliponikera.

Nikarudi kwa Mutiso. Alikuwa bado anatazama slaidi.

"Achana na kuuliza," akasema. "Huyu ana mchanga mwingi tumboni. Mchanga hauji na ugali. Nenda utafute anayekula udongo."

Ilipofika mapumziko nilizunguka uwanja polepole nikijifanya naangalia vyoo. Watoto walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi, wengine wanaruka kamba. Nyuma ya jiko la shule, ambalo lilikuwa la udongo, nikamwona msichana ameegemea ukuta peke yake. Alikuwa anauchokonoa kwa kidole, anaweka mdomoni, anamumunya kama peremende. Mahali pale ukuta ulikuwa umeshaingia ndani kama kikombe.

Nikaketi chini karibu naye. Aliitwa Mwende. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi, na nilipomwomba anionyeshe ulimi, ulimi nao ulikuwa umepauka. Alihema kama ametoka kukimbia, na alikuwa amesimama tu.

"Udongo ni mtamu?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Wa hapa ni mzuri. Wa kwetu uko na moshi."

"Na wenzako uliwasaidia leo asubuhi?"

Aliangalia miguu yake. Hakuwa na viatu.

"Walikuwa wamekosa," akasema. "Wakaanza kulia. Mimi nilikuwa nayo."

Jibu hilo nimelibeba mpaka leo. Mtoto asiye na nguvu ya kuruka kamba, na bado amegawia darasa zima alichonacho.

Mwalimu wake aliniambia Mwende hulala darasani kila siku baada ya saa nne, na wote walidhani ni mvivu. Mkiona mtoto anasinzia kila siku, vijana, tazameni viganja vyake kabla hamjamwita jina lolote.

Mwende alikaa na nyanya yake, Susu Kalunde. Kwetu susu ni nyanya. Mama wa mtoto alikuwa anafanya kazi Athi River na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mwalimu Nduku alinipeleka kwa miguu, tukashuka mpaka karibu na mto wa mchanga. Tulimkuta Susu chini ya kibanda chake cha mabati, ungo magotini, anapuchua mbaazi. Kuku walikuwa wamemzunguka. Nilisalimia, nikavuta kigoda, nikachukua konzi ya mbaazi nikaanza kupuchua nami. Ukienda kumwambia mama mzee jambo gumu, usisimame. Shika kazi anayoishika.

Nilipomwambia kwamba mtoto ana minyoo mingi na anahitaji dawa, hakushtuka hata kidogo.

"Mwiitu wakwa," akaniambia, yaani binti yangu, "kila mtu amezaliwa na nzoka yake. Wewe uko nayo, mimi niko nayo, na mwalimu huyu. Ndiyo inasaga chakula. Tumbo halina kinu. Ukiua nzoka, chakula kitasagwa na nani?"

Kwa Kikamba nzoka ni nyoka, na ni minyoo ya tumbo pia. Niliyasikia maneno hayo nyumba nyingi. Wapimaji wengine huyacheka, na wakishayacheka, wamefunga mlango kwa mikono yao wenyewe. Nikamwuliza kama Mwende anakula vizuri.

"Anakula kunishinda mimi. Muthokoi nampa, maziwa ya mbuzi nampa. Haongezeki."

"Na anahema vile tangu lini?"

Susu akaacha kupuchua. Alikuwa ameona, bila shaka. Aliniambia kwamba zamani mtoto alikuwa anapanda kutoka mtoni na mtungi bila kusimama. Sasa anapumzika njiani kama mzee, tena si mara moja. Alikuwa amemwombea kanisani. Alikuwa amemchemshia mizizi. Alisema haya akitazama ungo, na nikaona kwamba mama huyu hakuwa mkaidi. Alikuwa na hofu, na alichoogopa zaidi ni kuondoa kitu cha mwisho kilichokuwa kinamfanya mtoto ale.

"Susu," nikamwambia, "sitakuambia unywe maneno yangu. Kesho njoo shuleni uzione mwenyewe. Kama zinasaga chakula, utaziona zikisaga."

Alikuja. Alivaa nguo ya kanisani na viatu, akamsalimia Mutiso kwa heshima kama anamsalimia padri. Mutiso akamwinulia kiti, akaelekeza kioo kwenye ukuta mweupe, akamwonyesha jinsi ya kufunga jicho moja. Ilichukua muda. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe, akasema hizo nyoka ni nyeusi sana. Kisha akatulia, mikono imeshika kingo za meza.

"Naona vitu kama mbegu," akasema.

"Ni mayai, Susu," Mutiso akamwambia. "Mayai ya zile nzoka."

"Haya yote?"

"Haya ni kwenye kipande kidogo kama kichwa cha njiti. Nyoka mmoja wa kike aliye tumboni hutaga maelfu na maelfu kwa siku."

Susu akainua kichwa. Huyu alikuwa mfugaji wa kuku. Alijua kila jogoo na kila tetea kijijini, alijua gharama ya punje ya mahindi. Nikaona uso wake unabadilika, na hakuwa na hofu tena. Alikuwa amekasirika.

"Kwa siku," akarudia. "Kuku wangu nikimpa mahindi na maji na mahali pa kulala, ananipa yai moja, na siku nyingine ananinyima. Hawa wanataga maelfu. Wanakula nini?"

"Wanakula chakula cha Mwende. Na wale wadogo wa safura wanakunywa damu yake."

Mwalimu Nduku akataka kusema kitu, nikamgusa mkono asiseme.

"Kwa hivyo mimi naamka, napika, nampa mtoto," Susu akasema taratibu, "na kumbe nalisha kuku wa mtu mwingine, ambaye hata mayai yake hayaliwi."

"Ndivyo ilivyo, Susu."

Akainama tena kwenye hadubini, akatazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kumkumbuka adui sura. Kisha akaja na sharti lake.

"Mpeni dawa. Lakini muache nzoka moja tu, ya kusaga."

"Ningeweza ningeacha," Mutiso akamjibu kwa upole wake. "Shida ni kwamba hiyo dawa haijui kuhesabu."

Susu akacheka, na tulipomsikia anacheka tukajua tumefaulu.

Hatukumpa Mwende kidonge tukamwacha. Mtoto aliyepauka vile anahitaji zaidi ya kidonge. Tulimpeleka hospitalini siku ile ile, damu yake ikapimwa, na daktari wa zamu akasema tumefika kwa wakati, mtoto angeendelea hivyo moyo wake ungechoka. Akapewa dawa ya minyoo na dawa ya kuongeza damu, na Susu akaambiwa mboga za kijani, ndengu, maini siku yakipatikana. Susu alilala naye wodini usiku mmoja. Asubuhi nilipowapitia, alinivuta pembeni kunieleza yaliyotoka. Alinionyesha urefu kwa mkono wake, kutoka kidole mpaka kiwiko. Wale walikuwa mchango, kwa maana safura ni wadogo kama uzi, huwaoni hivi hivi. Alikuwa anasimulia kama mtu aliyeua chatu zizini, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wameketi wanasikiliza.

Hapa ndipo wapimaji wengi huishia, na hapa ndipo kazi huanza. Ukitibu mtoto ukamrudisha kwenye udongo ule ule, utamwona tena mwaka haujaisha. Mvua ilikuwa imebomoa choo cha Susu, naye hakuwa na mtu wa kuchimba kingine. Walikuwa wanakwenda vichakani karibu na mto, mahali penye mchanga wenye unyevu, ambapo ndipo Mwende alipita miguu mitupu kuchota maji. Safura huingia kupitia ngozi ya mguu. Hutasikia hata mwiba.

Mwalimu Nduku alisema neno kanisani, na Jumamosi mwethya ukaja. Kwetu mwethya ni watu wa kijiji kukusanyika kumfanyia mmoja wao kazi. Wanaume walichimba, wanawake walibeba mawe na kupika isyo, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria kubwa, na Mutiso, ambaye alikuwa hajashika sururu miaka mingi, alishuka ndani ya shimo akakataa kutoka. Kulikuwa na nyimbo na maneno mengi ya mzaha juu ya nani atakifungua choo rasmi. Susu alitoa jogoo. Mama yake Mwende alikuja kutoka Athi River na viatu vya plastiki, vya rangi ya waridi, na mtoto akavivaa akatembea navyo huku na huku juu ya mawe ili visikike.

Na maji je? Swali hilo Susu mwenyewe aliniuliza, na lilikuwa swali zuri. "Tunachimba mchanga mtoni kupata ya kunywa, na nyinyi mnataka tuyamwage mikononi." Sehemu zetu hizi ukimwambia mtu anawe kwa maji yatiririkayo anakuona umetoka mbali. Tukawafundisha kibuyu chirizi. Ni kibuyu au mtungi mdogo wa mafuta uliotobolewa tundu, ukaning'inizwa kwenye kijiti na kuinamishwa kwa kamba ya mguu. Mikono haigusi chochote, na maji ya kikombe kimoja yananawisha watu kadhaa. Pasipo na sabuni, jivu la jikoni linafanya kazi. Tulitundika kimoja kwa Susu na safu yake shuleni, kando ya vyoo. Wiki ya kwanza watoto walikwenda chooni mara nyingi sana, wengine bila haja yoyote, ili wapate kukanyaga ile kamba. Walimu walilalamika. Mimi sikulalamika.

Niliporudi shuleni muhula uliofuata, yule mwalimu kijana wa darasa la nne alikuja kunipokea na malalamiko mapya. Mwende alikuwa halali tena. Alikuwa anaongea. Anaongea hesabu zikifundishwa, anaongea Kiingereza kikifundishwa, anawafundisha wenzake jinsi ya kukata kucha kwa wembe, anaimba.

"Daktari," akaniambia, "huna dawa ya kumpunguza kidogo?"

Alikuwa anatabasamu. Nikachungulia dirishani nikamwona amegeuka nyuma anasimulia jambo kwa mikono yote miwili, mashavu yamejaa, na darasa zima linamsikiliza.

Mwaka uliofuata mambo yalibadilika. Badala ya kupima mtoto mmoja mmoja, dawa zikaanza kutolewa kwa shule nzima siku moja, na walimu wenyewe ndio wanaogawa. Ni njia nzuri, inafikia wengi, ingawa hadubini yangu ililala kabatini kwa huzuni. Lakini kitu kikubwa kikija, uvumi hutangulia. Upande wa pili wa mto watu walisema vidonge vile vitawafanya wasichana wasizae. Asubuhi ya siku yenyewe wazazi kadhaa walikuja mpaka langoni wakasimama na watoto wao, hawaingii, hawaondoki. Mwalimu Nduku aliongea nao. Mimi nikaongea nao. Walitusikiliza kwa heshima na hawakusogea.

Ndipo Susu Kalunde akatokea kwenye njia, na viatu vyake vya kanisani. Hakuna aliyemwita. Alisimama mbele ya wale wazazi akawasalimia mmoja mmoja kwa jina, akauliza habari za mbuzi wao, kisha akasema, "Mimi nilikataa kabla yenu. Mjukuu wangu alikuwa anahema kama anapanda mlima na amekaa kwenye kiti. Leo nendeni mkamsikie kule ndani, kama mtapata nafasi ya kusema." Mama mmoja akamwuliza kama yeye mwenyewe angeimeza hiyo dawa. Susu aliingia langoni, akavuka uwanja, akajiunga na mstari wa watoto, kati ya mvulana wa darasa la kwanza na msichana wa la pili. Alikuwa mrefu kati yao kama bua la mahindi katikati ya kunde.

Mwalimu Nduku alinitazama. Umri wa Susu ulikuwa umezidi wa mpango ule, lakini mama mzee anayelima kwenye mchanga wa mto huhitaji dawa ile ile, na mimi nilikuwa na za kwangu kwenye mkoba. Nikaitikia kwa kichwa. Nikamwuliza kuhusu afya yake, nikatoa kidonge.

Utaratibu ulikuwa kwamba watoto wakubwa wawasaidie wadogo. Wanawahimiza watafune kidonge, kisha wanahakikisha kimeshuka. Aliyekuwa anasimamia mstari ule alikuwa Mwende, na viatu vyake vya waridi vilikuwa vimeanza kumbana. Hakushangaa kumwona nyanya yake. Alimpa kikombe cha maji kama alivyowapa wengine.

"Tafuna, Susu. Usimeze kizima."

Susu akatafuna, uso umekunjamana. Pale langoni wazazi walikuwa wamesogea ndani kidogo ili waone, na wale watoto waliokuwa wameshikwa mikono walikuwa wameshaachiliwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Mwende akakunja mikono kifuani. "Fungua mdomo tuone."

Na Susu Kalunde, mbele ya shule nzima na wazazi wa ng'ambo zote mbili za mto, akapiga magoti kwenye vumbi ili mjukuu wake afikie, akafungua mdomo wake wazi kabisa, na ulimi nje.